Usanifu wa Programu ya Simu kwa Wageni wa Makumbusho

Na Mwandishi Wetu

Programu ya simu ya makumbusho ni mwongozo anaoubeba mgeni mkononi. Humweleza kilicho mbele yake, humwezesha kusikiliza, kuuliza na kujibu, na humwonesha njia ya kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Si tovuti ya taasisi iliyofinywa ili ienee katika kioo kidogo, wala si tangazo la viingilio na saa za kufungua milango. Taasisi inayoanza kwa kuuliza "tuweke nini kwenye simu?" huishia na kitu tofauti kabisa na ile inayoanza kwa kuuliza "mgeni akisimama hapa, ni nini kiko mbele ya macho yake na bado hakioni?" Swali hilo la pili ndilo msingi wa makala haya.

Mifano mingi iliyotumika ni ya makumbusho na malikale za Tanzania, kwa kuwa ndizo ambazo wananchi wengi wanazifahamu au wanaweza kuzitembelea. Ifahamike kuwa mifano hiyo imetolewa ili kufafanua kanuni za usanifu. Haimaanishi kuwa upo mradi uliokwisha kutangazwa.

Wazo lilikotoka

Kumpa mgeni sauti ya kumwongoza ni jambo lililoanza muda mrefu kabla ya simu janja. Mwaka 1952, Makumbusho ya Stedelijk jijini Amsterdam, Uholanzi, yalitumia mawimbi mafupi ya redio kurusha maelezo ndani ya jengo, na wageni walitembea wakiwa na vipokezi. Kwa kuwa matangazo yalikuwa mamoja kwa wote, kundi zima lilisikia maneno yaleyale kwa wakati uleule na kulazimika kusogea pamoja kama darasa. Mgeni aliyetaka kukaa mbele ya picha moja kwa dakika tano hakuwa na nafasi hiyo. Kaseti zilizofuata zilimpa uhuru zaidi, na katika gereza la zamani la Alcatraz nchini Marekani ziara ya sauti iliyoanzishwa katika miaka ya 1980 ilijengwa kwa sauti za watu waliowahi kuwa askari na wafungwa wa gereza hilo. Hadi leo ziara hiyo hutajwa na wasanifu kama kielelezo, na sababu yake haihusiani na mitambo: wanaosimulia walikuwapo.

Simu zilipopata uwezo wa kutosha, makumbusho makubwa yalijaribu njia tofauti. Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani jijini New York yalitoa mwaka 2010 programu iliyomwelekeza mgeni ndani ya kumbi zake. Mwaka 2011 makumbusho ya MONA katika kisiwa cha Tasmania, Australia, yalifunguliwa bila vibao vya maelezo ukutani; badala yake kila mgeni alipewa kifaa kidogo kilichotambua kazi za sanaa zilizo karibu naye. Makumbusho ya Brooklyn nayo, mwaka 2015, yalianzisha huduma iliyomwezesha mgeni kuandika swali kwenye simu na kujibiwa papo hapo na mtaalamu wa makumbusho, si mashine. Njia hii ya Brooklyn inastahili kuangaliwa kwa makini na taasisi zenye bajeti ndogo, maana kilichokuwa cha thamani ndani yake kilikuwa mtu anayejua kujibu.

Kuanzia kwenye kabati la kioo

Tuchukue fuvu la Zinjanthropus, mojawapo ya hazina kubwa za Makumbusho ya Taifa la Tanzania. Lilipatikana katika Bonde la Oldupai tarehe 17 Julai, 1959 na Mary Leakey, siku ambayo mumewe, Louis Leakey, alibaki kambini kwa ugonjwa. Jina Zinj ni lile lililotumiwa na wanajiografia wa Kiarabu wa kale kuita pwani ya Afrika Mashariki. Neno boisei lililofuata lilimuenzi Charles Boise, aliyefadhili utafiti huo. Umri wa zamadamu huyo, takriban miaka milioni 1.75, ulipimwa kwa kutumia majivu ya volkano yaliyokuwa katika tabaka lilelile la ardhi.

Maelezo hayo yote yanaenea katika kibao kimoja. Mgeni ataya­soma, atatikisa kichwa, atapiga picha na kuendelea na safari. Akiulizwa mlangoni wakati wa kutoka kwamba fuvu hilo lilikuwaje, wengi watasema lilikuwa la kale. Hapo ndipo kazi ya msanifu inapoanzia: kuorodhesha mambo ambayo jicho lisilozoea haliyaoni, kisha kuchagua machache.

Juu ya utosi wa fuvu hilo kuna ukingo wa mfupa uliosimama kama upindo. Mgeni wa kawaida huuona kama mkwaruzo au ufa. Programu inaweza kumweleza kwa sauti: weka vidole viwili kwenye panja zako, kisha kaza meno kama unayetafuna muwa. Atahisi msuli ukitutumka chini ya vidole. Sauti iendelee: kwako wewe msuli huo huishia ubavuni mwa kichwa, kwa huyu aliye mbele yako ulipanda hadi utosini na kushikamana na ukingo ule. Sasa tazama magego yake. Baada ya maneno hayo kioo cha simu kizimike chenyewe.

Huo ni mwingiliano kamili, na hauhitaji mchoro unaozunguka wala mchezo wa kukusanya alama. Umemfanya mgeni atumie mwili wake kuelewa mwili mwingine, na umeyarudisha macho yake kwenye kabati la kioo. Kipimo hicho kifaa kutumika kwa kila kipengele kinachopendekezwa: baada ya kukitumia, mgeni anaangalia simu au anaangalia kielelezo? Vipengele vingi vinavyopendeza katika chumba cha mikutano huanguka katika mtihani huo.

Fuvu hilohilo linafundisha jambo jingine. Kwa ukubwa wa magego yake, wanasayansi na magazeti ya Ulaya walimpa lakabu ya mvunja kokwa, na dhana kwamba alikula vitu vigumu ikaenea vitabuni. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza kemia ya meno ya jamii yake walionesha kuwa sehemu kubwa ya chakula chao ilitokana na mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Kibao kilichochongwa hakiwezi kufuata mabadiliko kama hayo kwa wepesi. Programu inaweza, tena inaweza kumwonesha mgeni hoja zote mbili na kumwachia ajiulize kwa nini wataalamu walibadili mawazo. Kwa mwanafunzi wa sekondari, kuona kwamba sayansi hujisahihisha ni somo kubwa kuliko kukariri tarehe ya ugunduzi.

Fuvu lilipopatikana, taya la chini halikuwepo. Mwaka 1964 taya la zamadamu wa jamii hiyo liligunduliwa Peninj, karibu na Ziwa Natron, na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa katika msafara wa utafiti. Hapa mchoro wenye kusogezwa kwa kidole una sababu ya kuwepo: mgeni asogeze taya la Peninj hadi chini ya fuvu la Oldupai na kuona jinsi yanavyokaribiana. Aidha, pale ambapo kilichowekwa kabatini ni nakala na siyo mfupa wenyewe, programu iseme hivyo waziwazi na kueleza sababu za kiusalama. Mgeni anayegundua baadaye kwamba hakuambiwa hupoteza imani na maelezo mengine yote.

Kila mahali na mwingiliano wake

Yanayofaa mbele ya fuvu hayafai kila mahali. Katika Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, wageni hutembea katika eneo la wazi kati ya nyumba za asili za makabila mbalimbali. Huko ishara za setilaiti zinapatikana, na simu ya kawaida chini ya anga lisilozibwa huweza kujua ilipo kwa tofauti ya mita zipatazo 5, kiasi kinachotosha kuanzisha simulizi mgeni anapoukaribia msonge wa Wahaya au tembe ya Wagogo. Swali la kumuuliza mgeni mlangoni mwa nyumba linaweza kuwa jepesi: moshi unatokea wapi? Mlango umeinama kwa nini? Akiingia kulitafuta jibu, programu imekwisha kufanya kazi yake.

Mfano mwingine unahusu kitu ambacho hakipo nchini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba mabaki ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi na kusafirishwa kwenda Ujerumani. Mifupa ya mnyama mmojawapo, Giraffatitan, imesimamishwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili jijini Berlin, ikiwa na kimo cha mita 13.27. Kwa teknolojia inayopachika taswira juu ya picha halisi ya kamera, mwanafunzi wa Lindi au Dar es Salaam anaweza kuinua simu uani na kumwona mnyama huyo akiwa na kimo chake kamili, akilipita paa la shule.

Wasanifu hupenda sana kipengele cha aina hiyo, na ni kweli kwamba watoto hukifurahia. Hata hivyo kina gharama mbili. Ya kwanza ni simu: taswira hizo huhitaji simu za uwezo mkubwa na hula betri. Ya pili ni kwamba mshangao hupita upesi. Ikiwa programu itaishia kwenye kimo cha mnyama, historia ya Tendaguru itakuwa imeachwa nje. Kiwepo kituo kinachofuata, kinachomtaja Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji Waafrika katika msafara huo, ambaye mwaka 2007 wanasayansi walimpa heshima kwa kuita jamii mojawapo ya dinosaria wa Tendaguru Australodocus bohetii. Na kwa shule isiyo na simu hata moja, mwalimu apewe katika ukurasa wa kuchapishwa zoezi la kupima mita 13.27 ardhini kwa kamba. Wanafunzi wakijipanga juu ya kamba hiyo wataelewa kimo kile pengine vizuri kuliko aliyekitazama kwenye kioo cha sentimita 15.

Zipo sehemu ambazo mwingiliano unapaswa kupungua hadi karibu kutoweka. Makumbusho ya Majimaji mjini Songea yanahifadhi kumbukumbu ya vita vya mwaka 1905 hadi 1907 na ya mashujaa walionyongwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1906. Hiyo si historia iliyofungwa. Tarehe 1 Novemba, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo na kuomba msamaha, na familia za mashujaa hao bado zinafuatilia mabaki ya wazee wao. Maswali ya kuchagua jibu, alama, nyota na milio ya pongezi havina nafasi mbele ya kaburi. Kinachofaa ni sauti tulivu, majina yakitamkwa kama wenyeji wanavyoyatamka, na kitufe kikubwa cha kunyamazisha simu. Msanifu aliyekuja na mpango mmoja wa vipengele kwa makumbusho yote ya nchi hataliona hilo mpaka aende Songea.

Sauti, lugha na haki ya kusimulia

Maandishi ya programu ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo ambayo mara nyingi hupewa wiki mbili za mwisho za mradi. Simulizi moja isizidi sekunde 60 hadi 90, kwa kuwa msikilizaji amesimama, pengine na mtoto anamvuta mkono. Sentensi ya kwanza imwelekeze mahali pa kutazama kabla ya kumpa habari yoyote: "Tazama upande wa kushoto, chini ya mpini." Tarehe zije baadaye, na zisipohitajika ziachwe.

Kiswahili cha programu kiandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Maelezo yanayotungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa usiku wa kuamkia uzinduzi hubeba mpangilio wa mawazo ya msomaji mwingine: humweleza mgeni kutoka mbali muhogo ni nini, kisha humweleza hivyohivyo mkazi wa Mtwara. Mgeni wa ndani anahitaji maelezo yanayoanzia pale ujuzi wake ulipofika. Matoleo mawili ya lugha hayalazimiki kulingana neno kwa neno. Yanalazimika kukubaliana katika ukweli. Pale kifaa kinapokuwa na jina katika lugha ya jamii iliyokitengeneza, jina hilo litajwe na kurekodiwa likitamkwa na mzungumzaji wa lugha hiyo.

Mzee anayesimulia matumizi ya ngoma au dawa ana haki juu ya sauti yake. Aelezwe itatumikaje, itakaa wapi na kwa muda gani, naye atoe ridhaa kabla ya kinasa sauti kuwashwa. Yako mambo ambayo jamii huyajua lakini hayasemwi mbele ya kila mtu, na mhifadhi mwenye uzoefu huyafahamu. Asipoketi katika timu ya usanifu, mambo hayo yatajikuta hadharani kwa kubofya mara moja.

Simu ya mgeni ilivyo

Programu husanifiwa katika ofisi zenye intaneti ya kasi na kutumiwa katika ukumbi wenye kuta nene. Hesabu ndogo inasaidia. Sauti ya mazungumzo iliyorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban kilobaiti 480 kwa dakika. Vituo 20 vya sekunde 90 kila kimoja ni dakika 30, yaani megabaiti zipatazo 14.4. Kwa kiwango cha kilobiti 32, ambacho bado kinasikika vizuri kwa hotuba, mzigo hushuka hadi megabaiti 7.2. Mgeni anaweza kuupakua wote mara moja kwa intaneti ya bure ya mapokezi na kuutumia bila mtandao hadi mwisho wa ziara. Video chache tu za dakika moja moja zinaweza kuongeza uzito huo mara kadhaa, kwa hiyo kila video itetewe kwa hoja.

Kuna uamuzi wa awali kuhusu iwapo huduma iwe programu ya kusakinishwa au ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari cha simu. Programu ya kusakinishwa hufanya kazi vizuri zaidi bila mtandao na huweza kutumia vipengele vingi vya simu, lakini humtaka mgeni aliyesimama kwenye foleni ya tiketi atafute nafasi katika simu iliyojaa picha. Ukurasa wa kivinjari hufunguka kwa kuelekeza kamera kwenye msimbo wa QR, na siku hizi huweza kuhifadhiwa kwa matumizi bila mtandao. Kwa makumbusho ambayo wageni wake wengi huja mara moja kwa mwaka, ukurasa wa kivinjari una nguvu zaidi ya kiutendaji. Kusakinisha kunafaa pale ambapo mtu atarudi.

Ndani ya jengo ishara za setilaiti hudhoofika, hivyo simu huhitaji njia nyingine ya kujua iko mbele ya kitu gani. Vipo vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyobandikwa ukutani, ambavyo hufanya kazi vizuri hadi betri zake zitakapoisha bila mtu kukumbuka. Upo utambuzi wa picha kwa kamera, unaosumbuliwa na mwanga hafifu na mng'ao wa vioo. Upo msimbo wa QR kwenye kila kielelezo. Na ipo namba ya tarakimu mbili au tatu iliyoandikwa kando ya kabati, ambayo mgeni huibofya mwenyewe. Namba hiyo haina ufahari wowote, lakini haiishiwi chaji, huweza kusomwa kwa sauti na mwalimu mbele ya wanafunzi 40, na hutumika hata kwenye kifaa cha kuazima cha mapokezi. Iwepo hata pale njia nyingine zinapokuwepo.

Vifaa vya kuazima navyo visisahaulike. Kikundi cha wanafunzi mara nyingi hufika bila simu hata moja, na kanuni za shule zao haziwaruhusu kuwa nazo. Vishikwambi vichache vinavyotolewa kimoja kwa wanafunzi wanne au watano huweza kuwa bora kuliko simu moja kwa kila mtoto, kwa sababu huwalazimisha kujadiliana. Swali liandikwe kwa kundi: "Kubalianeni kwanza, kisha mjibu."

Watu wenye ulemavu

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kufikia huduma na taarifa, na programu ni nafasi ya kuitekeleza pale ambapo jengo la zamani limeshindwa. Kila sauti iwe na maandishi yake. Kila picha iwe na maelezo yanayoweza kusomwa na kisoma kioo kilichomo ndani ya simu. Simulizi kuu ziwe na video za lugha ya alama, na hizi ni miongoni mwa video zinazostahili uzito wake. Miongozo ya kimataifa inayojulikana kwa ufupisho WCAG inataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi iliyo nyuma yake. Maandishi ya kijivu juu ya udongo mwekundu, mtindo unaopendwa katika mada za utamaduni, mara nyingi hayafiki hapo. Ramani ioneshe ngazi ziko wapi na njia ya kiti cha magurudumu inapita wapi, na kama njia haipo iseme haipo. Faida nyingine ni kwamba maelezo yanayoandikwa kwa ajili ya mgeni asiyeona huwafaa pia wanaoona, maana humlazimu mwandishi kueleza umbo, rangi na ukubwa badala ya kusema tu kwamba kitu hicho ni cha kipekee.

Taarifa za mgeni

Programu inaweza kukusanya mengi: jina, namba ya simu, mahali mtu aliposimama na kwa dakika ngapi. Sehemu kubwa ya hayo haihitajiki ili kumweleza mtu habari za fuvu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitaka taasisi kukusanya taarifa kwa madhumuni halali na yaliyo wazi na kuzilinda, chini ya usimamizi wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa msanifu, njia iliyo salama ni kumruhusu mgeni atumie kila kitu bila kujisajili. Hesabu za jumla, kama vile kituo namba 14 kilifunguliwa mara ngapi mwezi huu, zinatosha kwa mhifadhi kufanya maamuzi na hazimtaji mtu yeyote. Watoto ndio wageni wengi wa makumbusho yetu, hivyo uangalifu huo haupaswi kuwa wa karatasi tu.

Kwa taasisi ya umma, mradi wa aina hii hauanzi kwa kutafuta mkandarasi. Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo majukumu yake yamewekwa na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, inasimamia viwango na miongozo ya mifumo ya TEHAMA serikalini. Kushauriana nayo mapema huepusha kujenga mfumo wa pili wa jambo ambalo tayari lina mfumo, mathalani malipo ya viingilio.

Majaribio kabla ya msimbo

Rasimu ya kwanza ya programu iwe ya karatasi. Kila kioo kichorwe kwenye kipande chake, na mtumishi mmoja asimame kando ya mgeni akibadilisha vipande kila mgeni anapogusa "kitufe". Mtumishi wa pili asome simulizi kwa sauti. Wa tatu asiseme neno; kazi yake ni kuandika macho ya mgeni yako wapi. Siku moja ya zoezi hilo na wageni wanane, miongoni mwao mwanafunzi, mzee, mgeni wa kigeni na mtu asiyeona vizuri, itafichua makosa ambayo yangegharimu miezi kuyaondoa yakiwa yamekwisha kuandikwa kwa msimbo.

Baada ya ziara mgeni asiulizwe kama ameipenda programu. Watu wetu wana adabu na watasema wameipenda. Aombwe kuchora kwa penseli kitu kimoja alichokiona. Michoro ya waliotumia programu ikiwekwa kando ya michoro ya wasioitumia, tofauti ya kutazama itaonekana yenyewe: ukingo wa utosi upo au haupo.

Matunzo

Mifumo ya uendeshaji ya simu hubadilika kila mwaka, na programu isiyofanyiwa marekebisho huanza kukataa kufunguka. Kwa hiyo bajeti ya mwaka wa kwanza peke yake si bajeti. Maudhui yahifadhiwe mahali tofauti na programu yenyewe, ili mhifadhi aweze kusahihisha tarehe au kuongeza kielelezo kipya bila kumsubiri mtaalamu wa kompyuta. Mkataba utamke kuwa msimbo chanzo, rekodi za sauti za ubora wa juu na picha zote ni mali ya makumbusho na zitakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho. Rekodi hizo zikiunganishwa na daftari la mikusanyo huwa sehemu ya hifadhi ya taifa: sauti ya mzee iliyochukuliwa kwa ajili ya kituo cha sekunde 80 huenda ikahitajiwa na mtafiti miaka 50 baadaye, wakati simu iliyoichezesha imekwisha kusahaulika.

Mtumishi mmoja atajwe kwa cheo kuwa ndiye mwenye dhamana ya programu, na kila Jumatatu asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, apite ukumbini na simu ya bei ya chini akijaribu kila namba. Kituo kilichoharibika kiondolewe kwenye orodha siku hiyohiyo. Na ikiwa huduma itasitishwa, vibandiko vyote vya msimbo wa QR vitolewe ukutani na kwenye makabati, ili mgeni asielekeze kamera kwenye alama isiyompeleka popote.